Kwenu mnaotoa vibali vya ujenzi Amu: tuulizeni kabla msingi haujachimbwa

Kwa wenye dhamana ya mipango, vibali vya ujenzi na hifadhi ya mji wa kale, Lamu, ambao sisi wenyeji twauita Amu.

Waheshimiwa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunawaandikia sisi wakazi wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa kale, pamoja na ndugu zetu waliohamia Kashmiri, Gadeni na Wiyoni kwa kukosa nafasi mjini. Barua hii tumeiweka wazi kwa sababu zile tulizotia kwenye bahasha zikagongwa muhuri wa kupokelewa hazijarudi na jibu hata moja. Aliyeshika kalamu ni mimi, lakini maneno yamepita barazani kwa wazee, na kina mama wamesomewa majumbani wakaongeza yao, mengine makali kuliko ninavyothubutu kuyaandika. Nikisema "mimi", ni la nyumbani kwangu. Nikisema "sisi", ni la mtaa.

Haja yetu ni moja, na naitaja mapema msije mkadhani tunataka mji ufungiwe kwenye kabati la kioo. Tunataka tusikilizwe kabla msingi haujachimbwa. Hivi sasa tunasikilizwa, tukibahatika, baada ya ghorofa ya tatu kumwagwa zege. Mkutano wa wananchi unaitwa, soda zinagawiwa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na saini tulizotia kuonyesha kuwa tulikuja ndizo zinazotolewa baadaye kuonyesha kuwa tulikubali.

Nianze na nyumba iliyopakana na yetu, kwa kuwa mengi ya kilio cha mji huu yamekusanyika pale. Wenyewe waliiuza. Warithi walikuwa wengi, wengine Mombasa, wengine Arabuni, paa linavuja, boriti zimeliwa na mchwa, na kila mmoja anataka fungu lake la urithi akatatue shida zake. Siwalaumu. Mnunuzi naye hakumwibia mtu. Alilipa bei aliyotajiwa, na ilikuwa bei ambayo hakuna Mwamu mtaani angeweza kuifikia. Kilichofuata ndicho kilichotuleta kwenu.

Nyumba za mawe za Amu zimeshikana, mnalijua hilo. Ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, unabeba boriti za huku na za kule. Mafundi wa zamani walipima chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upana wake haufiki mita 3. Uzito wote wa nyumba uligawanywa kwa hesabu hiyo. Leo fundi anakuja na vyuma na zege, anasimamisha nguzo, anamwaga slabu juu ya ukuta ambao haukujengewa mzigo huo, halafu anapiga plasta ya saruji nje na ndani kwa sababu inang'aa na inakauka upesi. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji inaziba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya ndani, na jiwe lililostahimili karne mbili linaanza kumenyeka lenyewe nyuma ya plasta nzuri.

Kwetu ufa ulianzia kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, chumbani kwa mama. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukaifuata safu ya juu ya zidaka kutoka kimoja hadi kingine mpaka ukafika juu ya mlango. Mama akautia chokaa. Ukafunguka tena pale pale, safari hii ukucha unaingia. Nilipomweleza msimamizi wa ujenzi alikuja kutazama, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Kijana mstaarabu, sikatai. Lakini ufa haukuwepo kabla hawajaanza kuchimba upande wao.

Ufa ungezibika. La juu ndilo halizibiki. Ghorofa zilipokwisha, juu yake likasimamishwa banda la makuti lenye viti vya kulalia, likawa mahali pa wageni kunywa madafu na kutazama jua likizama. Jua likishazama wanatazama chini, na chini ni uani kwetu. Mama yangu amevuka miaka 70. Maisha yake yote alikuwa akichambua mchele uani, akianika nguo, akisuka wajukuu nywele, kichwa wazi, nyumbani kwake. Wageni wale hawana nia mbaya, masikini. Mmoja alimpungia mkono kwa bashasha. Mama akainuka na ungo wake akaingia ndani, na tangu siku ile uani hatoki bila mtandio, hata akienda kisimani hatua chache tu. Kazi za mchana anazifanya kwenye chumba cha ndani, taa imewashwa saa nne asubuhi.

Mtaniambia hilo ni jambo dogo. Huko nyuma lilikuwa ndilo jambo la kwanza. Mtu akitaka kupandisha ghorofa Mkomani alipiga hodi kwa majirani, akakaa dakani, akaeleza. Dirisha halikufunguliwa kuelekea uani kwa mtu. Daka lenyewe limewekwa nje ili mgeni wa kiume apokewe bila kuvuka ndani, na mlango wa mbele haukabiliani na ua ili anayepita njiani asione kitu. Wikio likivuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, lilikuwa na makubaliano ya pande zote mbili. Watu hao hawakuwa na ofisi ya mipango, wala ramani, wala muhuri, na hakuna aliyeangaliwa ndani mwake. Sisi tuna sheria, kanuni, bodi na kamati, na mama yangu anajifunika kwenye ua wa nyumba aliyozaliwa.

Nilikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza iliniambia nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, niende ya pili. Ya pili ikaniambia wao hushauri tu, kibali hutolewa kwingine. Ya tatu ikakiri kuwa faili lipo, ila mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Nikarudi. Mwenye ufunguo amekuja, faili limepelekwa kusainiwa. Sizitaji ofisi hizo kwa sababu sitaki karani mdogo abebeshwe msalaba wa wakubwa wake, nanyi mnajifahamu. Ninachotaka mkione ni kwamba muda wote huo nikizungushwa, mafundi walikuwa kazini, na mashua za mchanga na mawe kutoka Manda zilikuwa zikishusha gatini kila maji yakijaa.

Hapo ndipo nikaona nisome sheria mwenyewe. Ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na niliyoyakuta humo yamenifanya nielewe kwa nini tunachelewa siku zote. Sheria inamtaka anayeomba kibali awatangazie wananchi anachokusudia kujenga na awaalike walete pingamizi. Ni jambo zuri. Sheria hiyo hiyo inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ichukuliwe kuwa amekubaliwa. Na inasema mtu asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango, ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe.

Hebu ziwekeni hizo namba pamoja, mkae katika nafasi yangu. Tangazo limebandikwa ndani ya korido ya ofisi, au gazetini, kwa Kiingereza, kwa namba ya kiwanja ambayo hakuna anayeijua, kwa sababu Amu nyumba hujulikana kwa majina ya wenyewe wala si kwa namba. Faili likilala kwenye dawati miezi miwili, liwe limelala kwa uvivu au limelazwa kwa makusudi, kibali kimejizalia chenyewe. Siku 14 za rufaa zinahesabika kuanzia siku ambayo sisi hatukujua kuwa kuna kitu kimeamuliwa. Ninapoona mbao za kumwagia zege zinapita kichochoroni juu ya mabega ya mahamali, muda wangu wa kusema umekwisha zamani.

Na kwa yule asiyejisumbua hata kuomba kibali, sheria inatoa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa fundi wa Langoni anayeongeza chumba cha bintiye aliyeolewa, hiyo ni pesa ya kumfilisi. Kwa mwenye jumba la kulaza wageni, anaitia kwenye hesabu ya ujenzi pamoja na rangi na misumari. Sheria hiyo imetungwa Nairobi, siwalaumu ninyi kwa kiwango cha faini. Nawalaumu kwamba hata hiyo ndogo hatujaiona ikitozwa kwa mkubwa.

Kwa sababu wadogo mnawaona vizuri sana. Jirani yetu wa upande wa pili ni mjane. Dirisha lake la mti lilioza, mwanawe akamletea la alumini kutoka Mombasa, la bei nafuu, akalitia. Haukupita muda walifika watu na karatasi: aliondoe, arudishe la mti, hili ni eneo la urithi wa dunia. Walikuwa na haki, nasema wazi. Mji huu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, ukaundiwa tume ya mipango mwaka 1991, ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na alumini haimo. Lakini waliotoa karatasi ile walipita chini ya nguzo za zege za jirani yangu kwenda kuitoa. Walipita huko huko, wakainamisha vichwa wasigonge mbao.

Na huyo mjane atengeneze kwa nini? Kanuni zinataka chokaa, boriti na mti mzuri. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, mikoko nayo ikafungwa, katika kaunti yenye sehemu kubwa kuliko zote ya mikoko ya Kenya. Wakataji wa boriti wakakaa bila kazi, na mwenye paa linaloinama akaambiwa wakati huo huo kwamba boriti haramu na slabu haramu. Chokaa wanaojua kuichoma na kuiachia ikomae wamebaki wazee wachache. Fundi wa chokaa ni ghali kuliko wa saruji na anakawia zaidi. Kwa hiyo masharti ya hifadhi, kama yanavyotekelezwa sasa, yana kazi moja ya uhakika: yanamfikisha mwenyeji mahali ambapo kuuza ni rahisi kuliko kutengeneza. Anayenunua ndiye mwenye uwezo wa kulipa mawakili, wachoraji ramani na faini. Sidhani mlikusudia hivyo, ila ndivyo kunavyokwenda.

Niseme na upande wa pili, maana barazani tulibishana sana juu ya hili. Wapo wageni walionunua magofu Mkomani wakayafufua kwa chokaa na boriti, kwa fundi wa Amu, kwa subira ambayo wengi wetu hatukuwa nayo wala pesa. Mlango wa kuchonga uliokuwa ukiuzwa na madalali kama kuni za antiki, wao waliubakisha mahali pake. Hatuna ugomvi na mtu kwa sababu ya pasipoti yake. Yupo pia mwenyeji, mtoto wa mjini kabisa, aliyejenga hoteli yake kwa matofali ya saruji ghorofa nne Langoni na kuziba upepo wa mtaa mzima. Huyo hakutoka Ulaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema, na tungali tunaamini. Tunachouliza ni mbona mwenyeji haponi.

Vijana wetu wamehama. Anayeoa leo hapati chumba Mkomani. Nyumba za kupangisha zimegeuzwa vyumba vya kulala kwa usiku mmoja, na kodi ya mwezi haishindani na hilo. Wanakwenda nyuma ya mji, Kashmiri, Gadeni, Wiyoni na kwingineko, na huko ndiko mipango ilikotakiwa itangulie watu. Watu ndio wametangulia. Viwanja vinakatwa kwa kamba na macho ya dalali. Njia za Mkomani ni nyembamba lakini zilipimwa: punda wawili wenye shogi za mizigo wapishane. Huko juu kuna mahali jeneza halipiti. Hili nimelishuhudia na sitalisahau, maiti ya mzee wetu ikatolewa kwa kupitishwa juu ya ukuta wa jirani, watu wanapokezana mikononi, kwa kuwa njia ilikuwa imemezwa na choo kilichojengwa wiki chache nyuma. Moto ukizuka kule, na paa nyingi bado ni za makuti, mpira wa maji utapita wapi? Mitaro haipo. Shimo la choo liko hatua tano kutoka kisima cha mwenzake.

Kisima kinanileta Shela, kijiji jirani kisiwani humu humu. Nitakuwa mfupi kwa sababu mengi yameshasemwa na watu wenye elimu kuliko mimi. Maji matamu ya mji huu yanatoka kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unainyonya, na maji matamu yanakaa chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda, na ikishapanda hairudi kwa amri ya mtu. Juu ya matuta hayo majumba yameendelea kupanda, na mizozo ya hati za viwanja vya kule haikuanza leo. Kila nyumba ina shimo lake la maji machafu, nyingine zina bwawa la kuogelea, nyingine zimechimba kisima chao wenyewe. Kamati ya Urithi wa Dunia iliwahi kuhimiza mipaka ya hifadhi ipanuliwe mpaka Shela, kwa sababu kinacholindwa rasmi ni kipande kidogo tu cha mji wa kale, kama hekta 16. Sisi tunaoamka saa kumi usiku kukinga maji ya bomba tunawauliza: matuta yale yamepangiwa kuwa nini kwenye ramani yenu? Makazi? Utalii? Chanzo cha maji? Ramani hiyo hatujaionyeshwa. Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kuiomba, na kwa barua hii tunaiomba.

Bodaboda nisizitie humu, zitanimalizia karatasi. Itoshe kusema kwamba barabara ya pwani ilikuwa mahali pa watoto kukimbia jioni.

Kila tukisema haya kuna anayesimama kutuambia kwamba watu wa Amu hawataki maendeleo. Tumelisikia tangu Machi 2012, wakuu wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walipokuja kuzindua bandari na LAPSSET, mradi wa njia za usafiri na mafuta wa kuunganisha nchi hizo tatu. Hatukukataa bandari. Tulitaka kujua mvuvi anayezuiwa mkondo wake atakula nini. Tukaitwa wapinzani wa serikali. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba haki zao za utamaduni na mazingira ziliguswa, na ikaamuru wavuvi walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Halafu wakaja wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, Kwasasi. Tukaambiwa wananchi wameshauriwa. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likaifuta leseni, na moja ya sababu kubwa ni kwamba huo ushauri haukuwa ushauri. Mara zote mbili kilichowaangusha wakubwa ni kile kile ambacho mnakirudia kwa vibali vidogo vidogo vya ghorofa na mabanda: kuwauliza watu baada ya kuamua. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na meli zinakuja. Bei ya ardhi ilikuwa imeshapanda siku nyingi kabla ya meli, Amu na bara yake, na shinikizo la viwanja litazidi. Tukishindwa kupanga Gadeni, mji utakaoizunguka bandari tutaupangaje?

Basi tunachotaka mkifanye, na karibu chote hakihitaji bajeti mpya.

Tangazo la kila ombi la ujenzi libandikwe kwenye mlango wa nyumba yenyewe, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo mtu wa miaka 70 anaweza kuyasoma, likitaja nyumba kwa jina linalojulikana mtaani na kusema itakuwa ghorofa ngapi na juu kutakuwa na nini. Nakala ibandikwe Mkunguni mbele ya Ngome, ambako kila mtu hupita, na nyingine msikiti wa mtaa. Ramani ya mjengo iwekwe mahali jirani anaweza kuitazama bila kuomba ufunguo kwa mtu. Siku za pingamizi zihesabiwe kuanzia siku ya kubandikwa, na aliyebandika atie saini pamoja na mzee wa mtaa. Pingamizi likipelekwa, lijibiwe kwa maandishi, hata jibu likiwa hapana.

Faili la ombi lolote ndani ya mji wa kale lisiachwe lifikishe siku 60 kimya. Wekeni mtu mmoja mwenye jina na meza, anayewajibika kwa hilo, ili ombi lenye kasoro likataliwe kabla halijajikubali lenyewe. Kamati ya rufaa tuambiwe ni akina nani, wanakaa lini na wapi. Wengi wetu tumeishi hapa miaka yote bila kujua kuwa ipo. Mkutano wa wananchi ukiitwa, karatasi ya mahudhurio iwe mbali na karatasi ya maoni, na juu yake iandikwe wazi kuwa kuhudhuria si kukubali.

Banda lolote la juu lisiruhusiwe kabla mkaguzi hajapanda mwenyewe kuangalia linachoona. Likiona uani kwa mtu, lijengewe ukuta wa kuziba upande huo au lisijengwe. Wajenzi wa Amu wanajua kufanya ukuta wa namna hiyo unaopitisha upepo na kuzuia macho. Waulizeni, watawaonyesha kwa mkono. Kabla ya kuchimba kando ya ukuta wa shirika, yaani ule unaobebwa na nyumba mbili, nyumba za pande zote zipigwe picha, nyufa zilizopo ziandikwe, na mjenzi aweke dhamana ya pesa. Ningekuwa na picha moja tu ya zidaka za mama za kabla ya ujenzi, nisingekuwa nabishana leo.

Mjane asaidiwe kabla hajaamrishwa. Anayetakiwa kutumia chokaa na boriti apatiwe kibali chepesi cha boriti na fundi kwa bei anayoiweza, hata ikiwa ni kwa kutenga sehemu ya ada zinazolipwa na majumba ya wageni. Na Kashmiri, Gadeni na Wiyoni zipimwe njia sasa, wakati bado kuna nafasi ya kuzipima bila kubomoa nyumba ya mtu. Anzeni na upana wa jeneza na wabebaji wake. Mengine yatafuata.

Kuhusu nyumba ya jirani yangu, siwaombi mbomoe. Naomba kuonyeshwa kibali chake: kilitolewa lini, na nani, kwa ghorofa ngapi, na kama banda la juu limo. Kama limo, nataka kujua tangazo lilibandikwa wapi. Kama halimo, mnajua sheria inasemaje kuliko mimi.

Jibu lenu msilipeleke kwangu peke yangu. Libandikeni Mkunguni, ubao upo, na wazee wamekubali kulisoma kwa sauti baada ya swala ya alasiri kwa wale wasiojua kusoma. Mkipenda kuja wenyewe, mtakaribishwa dakani kwetu kwa kahawa na halua, na yeyote miongoni mwenu aliye mwanamke ataingia uani kwa mama aangalie juu ajionee. Nakala ya barua hii wamepewa wawakilishi wetu wa wadi na wazee wa mitaa, na nyingine tumebaki nayo pamoja na orodha ya waliotia saini, wakijua wanatia saini kwa ajili ya nini.

Wenu,

Mkazi wa Mkomani, kwa niaba ya majirani
Amu